Tumbo Lililoumia Halikandwi



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unahusu jambo linalotokea katika kila kijiji na kila mtaa. Mtu ameumia tumboni. Nje hakuna kidonda, au kuna alama ndogo tu. Anaambiwa apumzike, akandwe kwa maji ya moto, kesho atakuwa mzima. Wengi hupona kweli. Lakini wengine hufa usiku uleule, au baada ya siku mbili tatu, na watu hubaki wakiulizana amerogwa na nani.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 12 ametumwa kuchota maji kwa baiskeli. Kwenye mteremko anateleza, usukani unageuka na ncha yake inamchoma tumboni. Anafika nyumbani akichechemea, ameshika tumbo. Bibi yake anatazama, anaona alama nyekundu ya mviringo, ndogo kama sarafu. Kwa upendo wote anachemsha maji, anachukua kitambaa na mafuta, anaanza kumchua.

Bibi huyu hana kosa la moyo. Anafanya kama alivyofanyiwa yeye alipokuwa mtoto. Lakini je, anajua chini ya alama ile kuna nini? Hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

UKUTA WA TUMBO

Tumbo letu lina ukuta, kama nyumba. Nje kuna ngozi, kisha mafuta, kisha misuli. Katikati kuna misuli miwili mirefu, mmoja kulia na mmoja kushoto, inayoshuka kutoka mbavuni mpaka mfupa wa kinena. Ndiyo unayoisikia ikikaza unapoinua kichwa ukiwa umelala chali. Pembeni kuna misuli mipana ya tabaka tatu. Ndani kabisa kuna utando mwembamba, na nyuma ya utando huo ndipo yalipo ini, bandama, tumbo la chakula na utumbo. Figo na kongosho ziko nyuma zaidi, karibu na mgongo.

Kila mmoja wa ile misuli miwili mirefu umefungwa katika mfuko wake mgumu. Nyuma ya msuli hupita mishipa ya damu, mmoja ukishuka kutoka kifuani na mwingine ukipanda kutoka kinenani. Mtu akipigwa ngumi au teke, akiangukia kisiki, akisukumwa na pembe ya ng'ombe au akibanwa na mkanda wa gari katika ajali, mshipa huo au msuli wenyewe waweza kuchanika. Damu haipati njia ya kutoka nje, hivyo inavilia humo humo ndani ya ukuta na kufanya uvimbe wenye maumivu.

Juu ya kitovu mfuko wa msuli ni mgumu mbele na nyuma, kwa hiyo damu hubanwa na mara nyingi hukoma yenyewe. Chini ya kitovu, mfuko hauna ukuta mgumu wa nyuma. Huko damu yaweza kutambaa mpaka upande wa pili na mpaka mbele ya kibofu cha mkojo, ikafika hata lita nzima au zaidi bila mtu kuona tone moja nje. Kwa sababu hiyo uvimbe wa chini ya kitovu usidharauliwe.

Wako watu ambao ukuta wa tumbo wao huvuja damu kwa urahisi zaidi. Hao ni wazee, wajawazito, na hasa wale wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarini, kwa ajili ya ugonjwa wa moyo au wa mishipa. Kwao hata kukohoa kwa nguvu au kunyanyua gunia kwaweza kukata mshipa. Mtu anayetumia dawa hizo akiumia tumboni aende hospitali, hata kama ameumia kidogo.

JE, NI UKUTANI AU NDANI?

Hili ndilo swali kubwa ambalo mganga hujiuliza. Damu iliyovilia ukutani mara nyingi hupona bila kisu. Lakini bandama au ini likipasuka, mgonjwa yumo hatarini saa hiyohiyo. Na utumbo ukitoboka, uchafu humwagika ndani na kuleta ugonjwa mkali baada ya saa kadhaa au siku moja.

Katika nchi zetu bandama lahitaji uangalifu wa pekee. Malaria ya mara kwa mara hulifanya livimbe na kuwa laini, hata pigo dogo laweza kulipasua. Tena laweza kupasuka kidogo kidogo: leo limechanika chini ya ganda lake, damu imeshikwa humo, na baada ya siku kadhaa ganda linaachia. Maumivu ya bega la kushoto kwa mtu aliyeumia tumbo, bila bega lenyewe kuumia, ni ishara ya damu ndani ya tumbo karibu na bandama.

Ziko njia za mganga za kutenganisha mambo haya mawili. Moja ilielezwa mwaka 1926 na daktari wa upasuaji wa Marekani, Carnett. Mgonjwa hulala chali. Mganga hutafuta kwa kidole mahali panapouma zaidi. Kisha mgonjwa huambiwa ainue kichwa na mabega bila kusaidiwa, ili misuli ikaze, na mganga anabonyeza tena. Maumivu yakibaki vilevile au yakizidi, tatizo linaelekea kuwa ukutani. Yakipungua, tatizo linaelekea kuwa ndani, kwa maana misuli iliyokaza imekuwa ngao. Mwaka huohuo daktari Fothergill wa Uingereza alieleza ishara nyingine: uvimbe wa damu ulio ndani ya msuli mrefu hauvuki mstari wa katikati ya tumbo, na misuli ikikaza bado unapapasika.

Lakini tuseme wazi. Vipimo hivi ni vya mganga, si vya kujaribia nyumbani. Tena vinasaidia tu, havimalizi shauri. Mtu mmoja aweza kuumia ukutani na ndani pia. Alama ndogo ya usukani wa baiskeli kwenye tumbo la mtoto yaweza kuficha utumbo uliotoboka au kongosho lililochanika. Na michubuko ya mkanda wa gari iliyokata tumbo kwa ukingama humwambia daktari atafute madhara ya ndani kwa bidii.

Weusi wa ngozi nao hudanganya. Damu iliyovilia ndani hukawia kufika kwenye ngozi. Weusi kuzunguka kitovu au ubavuni mara nyingi hutokea baada ya siku moja mpaka nne. Kwa hiyo usiseme, "Hakuna alama, basi hakuna kitu."

DALILI ZA HATARI

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 4 hadi 5. Aweza kupoteza karibu robo tatu ya lita akiwa bado anazungumza na kutembea. Mwili wake unajitahidi: moyo unapiga haraka, mishipa ya mikono na miguu inajibana. Presha huanguka baadaye, pengine baada ya kupoteza theluthi ya damu yote. Kwa hiyo mtu anayesema, "Presha yangu wamepima ni nzuri," asifikiri amemaliza.

Mtoto wa kilo 15 ana damu kama lita 1 na robo tu. Kwake robo lita ni sehemu ya tano ya damu yote. Watoto hustahimili, hustahimili, halafu huanguka ghafla.

Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, usiku au mchana, mkiona mojawapo ya haya:

1. Mapigo ya moyo yanaenda mbio hata akiwa amelala. Kwa mtu mzima ni zaidi ya 100 kwa dakika.
2. Viganja vya mikono, midomo au ngozi ya ndani ya macho vimekuwa vyeupe. Ana jasho la baridi. Ana kiu kali.
3. Anaona kizunguzungu, anazimia, au anakuwa mzito wa akili.
4. Tumbo linajaa, linakuwa gumu kama ubao, au maumivu yanaenea tumbo zima.
5. Uvimbe unaongezeka.
6. Anatapika mfululizo, anatapika damu, au anapata homa.
7. Mkojo una damu, au hapati mkojo kabisa.
8. Ana maumivu ya bega bila bega kuumia.

Mjamzito aliyepigwa au aliyeanguka kwa tumbo asisubiri dalili yoyote. Kondo laweza kubanduka na kumwaga damu ndani ya mfuko wa uzazi, mama akiwa bado anaonekana mzima. Na mlevi asiachwe alale mpaka asubuhi eti pombe imtoke. Pombe huficha maumivu.

MSAADA WA KWANZA

Mlazeni chali, magoti yakiwa yamekunjwa juu ya nguo au mto, ili misuli ya tumbo ilegee. Mfunikeni apate joto la mwili. Asile wala asinywe kitu, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Andikeni saa aliyoumia na namna alivyoumia. Habari hiyo ina thamani kubwa kwa daktari.

Msimchue wala msimkande kwa maji ya moto. Joto hufungua mishipa, na mkono unaosugua huondoa donge la damu ambalo Mungu ameliweka kama kizibo. Bandama lililochanika laweza kumalizwa na mkono wenye upendo. Msimchanje chale wala kumuumika ili kutoa "damu mbaya". Msimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa dawa hizo hudhoofisha kuganda kwa damu. Msimpe dawa ya kuharisha.

Kama kuna kidonda kinachovuja, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Kisu au mti uliochoma ukabaki, usichomolewe njiani, ufungwe usitikisike. Utumbo ukitokeza nje, msiurudishe ndani. Ufunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji safi, mkimbilie hospitali.

Safari iwe ya kulala ikiwezekana, kwa gari, machela au mkokoteni, si kuketi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Pasipokuwa na njia nyingine, pikipiki ni afadhali kuliko kungoja gari lisilokuja.

KATIKA ZAHANATI NA HOSPITALI

Ndugu wengi hulalamika: "Tulifika, wakampima presha, wakamlaza tu." Kulazwa na kutazamwa ni matibabu. Muuguzi hupima mapigo na presha, mwanzoni kila baada ya dakika 15 au 30, na kulinganisha. Wengine huchora kwa kalamu mpaka wa uvimbe juu ya ngozi. Uvimbe ukivuka mstari, damu bado inavuja.

Wingi wa damu nao hupimwa zaidi ya mara moja. Saa za kwanza kipimo chaweza kuonyesha damu ni nzuri wakati mgonjwa anamwaga damu, kwa sababu kilichobaki mishipani bado ni kizito kama mwanzo. Baada ya saa 4 au 6 ndipo ukweli hujitokeza. Mkojo hutazamwa kwa ajili ya figo na kibofu, na mwanamke wa umri wa kuzaa hupimwa ujauzito.

Kipimo cha ultrasaundi hakiumizi na hufanyika pale kitandani. Huonyesha kama kuna damu iliyomwagika ndani ya tumbo, na chaweza pia kuonyesha donge lililo ukutani. Lakini hakioni kila kitu; utumbo uliotoboka waweza kukipita. Kipimo cha CT, kinachopatikana katika hospitali kubwa, huonyesha vizuri zaidi damu iko wapi, ni nyingi kiasi gani na kama bado inavuja. Mgonjwa ambaye presha imeshaanguka na tumbo limejaa damu hacheleweshwi kwa vipimo vingi. Hupelekwa chumba cha upasuaji.

MATIBABU YAKE

Ikiwa daktari amehakikisha kwamba damu imevilia ukutani tu, nayo ni kidogo, mgonjwa hupumzika, hupewa parasetamoli kwa maumivu, na kwa siku mbili za kwanza huwekewa kitu cha baridi kilichofungwa katika kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila mara. Hahitaji sindano nyingi wala dawa za viuasumu kama hakuna kidonda wala uchafu.

Damu ikiwa nyingi hulazwa, huwekewa dripu, na ikilazimu huongezewa damu. Anayetumia dawa za kuzuia kuganda husimamishiwa na daktari, na kwa anayetumia warfarini hupewa vitamini K kuondoa nguvu yake. Asijiachishe mwenyewe nyumbani bila ushauri, kwa sababu dawa ile inamlinda na hatari nyingine.

Ipo pia dawa ya sindano iitwayo asidi ya traneksamiki. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Ilionekana kwamba dawa hii hupunguza vifo vya wanaovuja damu, lakini ni lazima itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya saa hizo haisaidii, na yaweza kudhuru. Basi tazameni jinsi saa tatu zinazotumika kuchemsha maji na kumtafuta mchuaji zinavyoweza kuwa ndizo saa za uhai wenyewe.

Damu ya ukutani isipokoma, daktari wa upasuaji hufungua na kufunga mshipa unaovuja. Katika hospitali chache kubwa mshipa huzibwa kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa. Lakini donge lililotulia haliguswi. Wengine huomba litolewe kwa sindano. Hilo si jambo jema bila sababu, kwa kuwa donge ndilo linaloukandamiza mshipa usivuje, na sindano yaweza kuingiza vijidudu. Daktari hulitoa likiwa limeoza na kuwa usaha, au likibana sana.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Ngozi hubadilika kutoka weusi kuwa kijani, kisha njano. Msiogope, ndiyo kupona. Donge dogo huisha kwa wiki 2 hadi 4, kubwa laweza kuchukua miezi 2 au 3. Wakati huo mgonjwa asilime, asibebe ndoo wala gunia, asicheze mpira, mpaka daktari amruhusu. Dalili zile tulizozitaja zikitokea, arudi upesi. Na uvimbe unaojitokeza akikohoa na kurudi akilala waweza kuwa ngiri ya ukuta uliochanika; nao uonyeshwe.

WANAOFICHA

Tusifiche neno moja gumu. Si kila tumbo limeumizwa na baiskeli. Wako akina mama wanaopigwa mateke na waume zao, kisha wanasema, "Nilianguka kisimani." Wako watoto wanaopigwa na wakubwa wao. Anayeficha sababu humnyima mganga nusu ya habari, na pengine hukawia nyumbani siku mbili kwa aibu, damu ikivuja. Dada yetu, kumwambia muuguzi ukweli faraghani si kumsaliti mumeo wala ndoa yako. Nawe baba unayepiga, ndoa takatifu haikukupa ruhusa hiyo.

Hapa Tanzania aliyepigwa au aliyepata ajali huandikiwa fomu ya PF3 na polisi. Fomu hiyo yaweza kumsaidia kupata haki yake mahakamani. Lakini anayevuja damu asifie kituoni akingoja karatasi. Mgonjwa aende hospitali, ndugu mwingine aende polisi.

TUFANYE NINI SISI?

Jumuiya ndogo ndogo zetu zinaweza kufanya mengi. Zijue mapema ni nani mwenye gari au machela, na nauli ya dharura itatoka wapi. Zihimize uchangiaji wa damu: mtu mzima mwenye miaka 18 au zaidi, mwenye afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu isiyokuwamo katika jokofu la hospitali usiku wa ajali haiwezi kununuliwa dukani.

Tukirudi kwa yule bibi na mjukuu wake, maji ya moto yawekwe kando. Kijana alazwe, afunikwe, asipewe kitu, jirani aitwe na chombo cha kumchukua. Huenda hospitali wataona ni damu kidogo ukutani, akarudi kesho na parasetamoli. Basi tumshukuru Mungu. Safari haikupotea bure. Na huenda wakakuta ni bandama, naye akawa amefika kwa wakati.

Yule Msamaria Mwema hakuishia kumpaka majeruhi mafuta na divai. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Huruma yake ilikuwa na mikono, miguu na mfuko. Nasi tuwe nayo hiyo.